Kabla ya Kufungua Kisanduku: Nani Amemkagua Mwenye Kazi?



Wote tunakijua kisanduku cha AVEC yetu: kufuli tatu, funguo tatu, wamama watatu. Hakifunguki mpaka wote watatu wawe wamefika. Siku moja ya mkutano, kabla ya mvua kwisha, kilikuwa karibu kufunguliwa kwa mkopo wa namna ambayo hatujawahi kuitoa: dola 350 za viza.

Mwenye kuomba ni mama tunayemheshimu. Anauza mawese sokoni, hajawahi kuchelewa kulipa hata juma moja, na akiba yake ilimruhusu kukopa kiasi hicho, kwa sababu kanuni yetu inasema mtu akope mpaka mara tatu ya hisa zake. Binti yake nilimfundisha mimi mwenyewe. Alipata diploma ya Serikali mwaka juzi, na tangu hapo anakaa nyumbani, mara anauza krediti za simu, mara anasaidia mamake. Sasa alikuwa amepata kazi Kanada, katika hoteli, mshahara wa dola elfu mbili na zaidi kwa mwezi. Karatasi ilikuja kwa simu. Ilikuwa na bendera, muhuri mwekundu, sahihi mbili, na maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza yamechanganywa.

Mama alinifuata darasani saa ya mapumziko. «Madamu, unisomee hii karatasi mbele ya wamama, wapate kuamini. Mutoto wangu anaondoka.»

Nilikubali kwa furaha. Nasema ukweli: nilitaka iwe ya kweli. Mwalimu anayeona wanafunzi wake wanamaliza shule na kukaa tu barazani anatamani habari nzuri kuliko mtu yeyote.

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili nikafika kwenye mstari unaosema kwamba mfanyakazi atalipa dola 350 «kwa ajili ya EIMT na uthibitisho wa mwajiri». Hapo nikasimama. Herufi hizo nne nilikuwa nimezisikia kwa mwalimu mwenzangu mwenye kaka huko Montréal, na nilikumbuka kitu kimoja alichoniambia: hiyo haimhusu mfanyakazi kabisa.

Nieleze polepole, kwa sababu hapa ndipo jambo lote lilipo.

Serikali ya nchi inapokubali mtu wa nje aje kufanya kazi kwake, haianzi na huyo mgeni. Inaanza na mwenye kazi. Inataka kujua: wewe unayesema unahitaji mtu kutoka Kongo, je, upo kweli? Una hoteli, au una chumba kimoja na kompyuta? Kazi hiyo ipo? Umewatafuta wenyeji kwanza ukawakosa? Mshahara unaoahidi ni sawa na ule wanaolipwa wengine? Umewahi kumtesa mfanyakazi au kumnyima mshahara? Kule Kanada uchunguzi huu ndio unaoitwa EIMT, maana yake uchunguzi wa athari kwa soko la kazi, na unafanywa na ministeri ya kazi ya huko. Anayeuomba ni mwajiri. Anayelipa ni mwajiri, dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi ya kazi, na sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo kwa njia yoyote, hata kwa kumkata mshahara baadaye. Akikubaliwa, anapewa barua yenye namba, anaituma kwa mfanyakazi pamoja na kontra. Hapo ndipo mfanyakazi anapoanza sehemu yake: anaomba kibali cha kazi, analipa dola 155 za Kanada, na 85 nyingine za alama za vidole, na pesa hizo zinaingia kwa Serikali ya Kanada yenyewe. Haziendi kwenye simu ya mtu fulani Bujumbura au Kampala.

Kwa hiyo karatasi ile ilijishtaki yenyewe. Iliomba pesa kwa mtu asiyestahili kulipa, kwa jambo asilostahili kuliomba.

Nilipowaambia wamama hivyo kulitokea kimya, halafu makelele. Mmoja aliuliza kwa nini niharibu baraka ya mtoto wa mwenzangu. Mwingine alisema labda sheria imebadilika. Mama mwenyewe hakusema neno, alikunja karatasi akaiweka ndani ya kitenge. Mweka hazina, ambaye ana busara, alisema kisanduku kisifunguliwe siku ile, tungoje juma moja, na Madamu atafute ukweli.

Juma lile sikulala vizuri. Hoteli iliyoandikwa kwenye karatasi ipo kweli, nimeiona kwenye intaneti na picha zake. Lakini namba ya simu ya kwenye karatasi haikuwa yao. Niliwaandikia barua fupi kwa anwani yao ya kweli, kwa Kifaransa, nikiuliza kama wanamjua huyu aliyetia sahihi na kama wana nafasi ya kazi. Siku ya tatu walijibu kwa upole, mistari minne: hawamjui, hawajaomba kuleta wafanyakazi kutoka nje, na sisi si wa kwanza kuwauliza. Jina lao lilikuwa limeibwa.

Kumbe mama alikuwa amekwisha kutuma dola 120 mwezi uliotangulia, «za kufungua dosye». Hizo zimekwenda. Aliniambia peke yangu, jioni, nyuma ya kanisa, na alilia.

Tangu siku ile wamama wengine wameniletea karatasi zao. Wamekuwa watano. Ndiyo maana ninaandika hapa, badala ya kueleza mlango kwa mlango.

Si Kanada tu. Ubelgiji, ambako wengi wetu tuna ndugu, dosye ya kibali kimoja cha kazi na kukaa inapelekwa na mwajiri kwenye jimbo lake, Flandres, Wallonie au Bruxelles, na jimbo ndilo linaloangalia kazi kwanza. Uingereza wana njia yao: mwajiri hawezi kumwalika mgeni mpaka apate leseni ya udhamini kutoka ministeri ya mambo ya ndani, na majina ya wote wenye leseni, zaidi ya laki moja, yanachapishwa hadharani ili yeyote atafute. Kanada nao wanachapisha orodha ya waajiri walioadhibiwa, pamoja na anwani, kosa na faini. Mwajiri mbaya anaweza kuzuiwa kuleta wageni kwa miaka, au milele.

Orodha hizo hazilipiwi. Mtu mwenye simu ya kuingia intaneti anaweza kuzifungua akiwa hapa Salamabila, pale mtandao unapokubali, na mtakubaliana nami kwamba saa kumi na moja ya asubuhi unakubali kuliko mchana.

Lakini sitawadanganya kwamba jina likiwa kwenye orodha basi mambo yamekwisha. Hadithi ya Uingereza inatufundisha. Mwaka 2022 walifungua mlango kwa watu wa kutunza wazee na wagonjwa, kwa sababu kazi hiyo ilikosa watu. Waafrika wengi walikwenda, wakiwemo Wazimbabwe na Wanaijeria. Kompanyi nyingi ndogo zilipata leseni kwa karatasi tu, kisha zikaalika watu wengi kuliko kazi zilizokuwa nazo. Watu waliuza nyumba na magari kuwalipa madalali, walifika, wakaambiwa kazi hakuna, au wakapewa saa chache kwa juma. Serikali ilipoamka ikaanza kunyang'anya leseni: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta zaidi ya 470 katika kazi hiyo peke yake, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamefungamana na waajiri hao. Na sasa angalieni ubaya wake. Leseni ya mwajiri ikifutwa, viza ya mfanyakazi inakatwa pia. Anapewa siku 60 atafute mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo arudi kwao. Aliyekosa ni mwajiri, anayefunga mizigo ni mwanamke aliyekopa. Mwezi wa saba mwaka 2025 mlango huo ulifungwa kwa watu wapya kutoka nje. Kwa hiyo mtu akikuletea leo ahadi ya kwenda kutunza wazee Uingereza, umwulize anaishi mwaka gani.

Sasa nije kwenye safari ambayo ninaiogopa zaidi, ile ya nchi za Waarabu.

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare hatukuanza jana kusikia habari za Maskati. Kiswahili hiki ninachoandika kilitufikia kwa misafara ya kina Tippu Tip, aliyefanya Kasongo makao yake katika karne ya 19, na njia ileile ilichukua watu wetu mpaka Ujiji, Tabora na pwani, wanawake wengi wakiwemo. Sisemi msichana anayepanda ndege leo ni mtumwa. Anakwenda kwa hiari yake, ana simu, na wengine wanafanya kazi yao kwa amani, wanajenga nyumba za wazazi wao. Nasema tu kwamba neno la kwanza la kuuliza ni lilelile: nani anakuchukua, na nani anamjua?

Kule, mwenye kumleta mfanyakazi anaitwa kafili. Viza ya mtumishi wa nyumbani imefungwa kwa jina la kafili huyo, na akiondoka bila ruhusa yake anaweza kuhesabiwa mtoro. Hoteli au hospitali inaweza kukaguliwa: ina mlango wa mbele, ina daftari, mkaguzi wa kazi anaingia. Lakini kafili wa mtumishi wa nyumbani ni familia ndani ya nyumba yake. Nani atakagua jikoni kwa mtu? Ndiyo sababu nchi nyingi hazikuwahesabu watumishi wa nyumbani ndani ya sheria yao ya kawaida ya kazi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha habari za wanawake wa Tanzania na Zanzibar waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba paspoti zao zilichukuliwa, kwamba walifanya kazi mchana na usiku, na kwamba mshahara ulikuwa mdogo kuliko walioahidiwa, au haukulipwa. Tanzania ilikuwa na utaratibu: kontra ipitie ubalozi, ili ubalozi umjue mwajiri. Lakini wengine walipitishwa nje ya utaratibu huo, na hao ubalozi haukuwa na jina lao wala la nyumba walimo.

Jirani zetu wamejifunza kwa machozi. Kenya mwaka 2014 ilifuta leseni za ajansi 930 zilizokuwa zinapeleka watu nje, ikasimamisha safari hizo, na baadaye ikazifungua tena kwa masharti. Sheria yao ya kazi ya 2007 inataka kontra ya kazi ya nje ithibitishwe na afisa wa kazi kabla mtu hajaondoka. Uganda ina rejista kwenye intaneti ambamo ajansi zenye ruhusa zinaandikwa, na nafasi za kazi zinapitishwa na ministeri yao. Malawi haikuwa na bahati hiyo mapema: ililazimika kulipa zaidi ya dola 160,000 kuwatoa wanawake wake 54 Oman. Fikirini, serikali maskini kama yetu inanunua tena uhuru wa binti zake.

Mama mmoja wa upande wa Kasongo, ambaye alikwenda na kurudi, alikubali nieleze habari zake bila kutaja jina. Alipitishwa Kampala. Aliambiwa viza yake ni ya kazi. Haikuwa ya kazi, ilikuwa ya matembezi, lakini imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza naye anasoma Kifaransa. Alipofika, jina la mwenye nyumba halikuwa lile aliloambiwa, na baada ya miezi miwili akapelekwa nyumba nyingine. Alipougua na kutaka kurudi, aliambiwa arudishe kwanza pesa ambazo dalali alilipwa kwa ajili yake. «Mimi nilifikiri nimetafutiwa kazi,» alisema, «kumbe mimi ndiye niliyeuzwa kwa kazi.» Nilimwuliza ni kitu gani angetamani mtu amwambie kabla ya kuondoka. Hakusema «usiende». Alisema: «Wangenisomea ile viza.»

Hayo ndiyo ninayofanya sasa. Ninasoma viza kama zimeandikwa kazi au matembezi. Mtu hawezi kuwa na mwajiri aliyekaguliwa wakati viza yake inasema anakwenda kutembea. Hapo hakuna aliyemkagua yeyote. Ninatafuta jina kamili la mwajiri na anwani, na ninawaandikia au kuwapigia kwa namba niliyoipata mahali pengine, siyo ile ya kwenye karatasi. Ninauliza namba ya kibali cha mwajiri. Ninaangalia pesa inakwenda wapi. Ikienda kwenye simu ya mtu, ninafunga karatasi. Na kama kuna ajansi katikati, ninauliza ruhusa yake: hapa Kongo ofisi binafsi ya kutafutia watu kazi lazima iwe na kibali cha ministeri ya kazi, na ofisi ya ukaguzi wa kazi Kindu ndiyo ya kuulizwa. Tangu mwisho wa mwaka 2022 tunayo pia sheria inayoadhibu biashara ya watu, na kuna ajansi ya taifa ya kupambana nayo, APLTP. Najua Kinshasa ni mbali. Lakini dalali akisikia mnataja sheria hiyo kwa jina, sauti yake hubadilika. Nimeshuhudia kwa masikio yangu, simu ikiwa imewekwa ili wote wasikie.

Baba mmoja aliyefanya kazi miaka mingi mgodini Namoya alinicheka alipoona ninahangaika na mambo haya. Akasema: «Madamu, hata wazungu waliokuja hapa walikuwa na karatasi hiyohiyo.» Na ni kweli, mimi sikuwa nimelifikiri. Kongo nayo inakagua waajiri. Kwa sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kompanyi inayotaka kumleta mgeni ndiyo inayomwombea karti ya kazi kwenye Tume ya Taifa ya Ajira ya Wageni, na inalipa yenyewe. Lazima ieleze kwa nini Mkongomani hakupatikana, na kuna kiasi ambacho wageni hawatakiwi kukipita. Kisha DGM inatoa viza ya kukaa kwa kazi. Mgeni hakulipa dalali nyuma ya soko. Kama sheria hiyo ilifuatwa sawasawa kila mara, ni neno lingine, na kila mzazi wa hapa mwenye mtoto fundi umeme asiye na kazi ana maoni yake.

Tena tusisahau kwamba sisi pia tumekuwa ugeni kwa watoto wa wengine. Mwezi wa tatu mwaka 2017, watu wenye silaha walipochukua wafanyakazi wa mgodi huo, pamoja na Wakongomani kulikuwa na Mfaransa na Mtanzania. Waliachiliwa baada ya karibu miezi mitatu. Nilikuwa ninafundisha wakati ule, na nakumbuka tulihesabu siku. Mahali fulani Tanzania kulikuwa na mama naye akihesabu, akijiuliza Salamabila ni wapi na nani alimhakikishia mtoto wake kwamba ni pa kwenda.

Kisanduku chetu hakikufunguliwa kwa zile 350. Tumeandika kanuni mpya katika daftari la AVEC: mkopo wa safari ya kazi hautolewi mpaka watu wawili wasome karatasi, na mwajiri awe amejibu. Wamama wawili waliipinga, wakisema itachelewesha watoto wenye bahati ya kweli. Inawezekana. Mama wa mawese alipiga kura ya kuikubali, mkono wake ulikuwa wa kwanza. Binti yake sasa ananisaidia na darasa la pili asubuhi, kwa malipo madogo ya wazazi, na jioni anajifunza Kiingereza kwa simu. Hajaacha wazo la Kanada. Aliniuliza juzi kama mtu anaweza kuwaandikia waajiri mwenyewe bila kupitia kwa dalali. Nilimwambia ndiyo, na tumeanza kuandika barua ya kwanza.

Mwenye karatasi ya safari ndani ya nyumba, aje nayo siku ya Alhamisi baada ya masomo, katika chumba cha darasa la sita. Kama iko kwenye simu, simu iwe na moto, kwa sababu pale shuleni hatuna pa kuchaji. Msitume pesa yoyote kabla ya siku hiyo, hata kama dalali anasema nafasi inafungwa kesho.